SUFURIA YA MVUKE ITAKAA WAPI?

Katika vijiji vingi wananchi wanajenga zahanati. Wanafyatua matofali. Wanasomba mchanga na maji. Wanachangia saruji na mabati. Jengo likikamilika, vitanda huletwa, na dawa, na vifaa. Siku moja gari hushusha sanduku zito. Ndani ya sanduku mna sufuria kubwa ya chuma. Ina kifuniko kizito cha kukazwa kwa skrubu, na juu ya kifuniko kuna kisaa kidogo chenye mshale. Watu hukusanyika kuitazama. Halafu mtu mmoja huuliza, "Tuiweke wapi?"

Swali hilo ni zuri, lakini limechelewa. Lingefaa kuulizwa siku ya kuchimba msingi. Leo tutajifunza kwa nini.

SUFURIA HII NI YA KAZI GANI?

Wataalamu huiita otoklevu. Sisi tutaiita sufuria ya mvuke. Kazi yake ni kuua vijidudu vyote vilivyo juu ya vifaa vya zahanati. Vifaa hivyo ni kama mkasi wa kukatia kitovu, koleo za kubania, bakuli za chuma, shashi na vitambaa. Sindano siku hizi hazipikwi. Sindano hutumiwa kwa mtu mmoja, mara moja tu, halafu hutupwa ndani ya boksi lake. Lakini mkasi hautupwi. Mkasi uliokata kitovu cha mtoto wa jana ndio utakaokata kitovu cha mtoto wa kesho.

Labda utasema, "Mbona tunaweza kuuchemsha tu?" Ni kweli kwamba maji yanayochemka huua vijidudu vingi. Lakini hayaui vyote. Vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo na katika mavi ya wanyama. Hali ikiwa mbaya, vijidudu hivyo hujifungia ndani ya gamba gumu, kama mbegu inayosubiri mvua. Maji yanayochemka hayatoshi kuviua vikiwa ndani ya gamba hilo. Mkasi wenye vijidudu hivyo ukikata kitovu, mtoto anaweza kupata pepopunda. Baada ya siku chache hushindwa kunyonya. Mwili hukakamaa. Watoto wengi wanaopata ugonjwa huo hufa.

Maji katika sufuria ya kawaida hayapiti joto la digrii 100. Hata ukiongeza kuni, joto halipandi. Maji yatakauka upesi tu. Lakini ukikaza kifuniko, mvuke hukosa pa kutokea. Hujisukuma ndani, na joto hupanda. Katika sufuria yetu joto hufika digrii 121. Joto hilo la mvuke huyashinda hata yale magamba.

Jambo hili si geni. Mwaka 1679 Mfaransa mmoja, Denis Papin, alitengeneza sufuria ya kulainisha mifupa kwa mvuke uliofungiwa. Miaka 200 baadaye, mwaka 1879, Mfaransa mwingine aitwaye Charles Chamberland alitengeneza ya kuulia vijidudu. Alikuwa akifanya kazi na Louis Pasteur, yule mtaalamu wa vijidudu. Kwa hiyo sufuria ya zahanati ni ndugu wa ile sufuria ya kukaza kifuniko ambayo watu wa mjini hupikia maharage.

USIKU WA MKASI MMOJA

Nilipokuwa mwanafunzi nilipelekwa kwa mazoezi katika zahanati moja. Sufuria ya mvuke ilikuwapo, na ilikuwa mpya. Lakini ilikuwa ya umeme, na zahanati haikuwa na umeme. Ilikaa stoo, bado imo ndani ya nailoni yake. Kuku alikuwa akitaga juu ya sanduku.

Usiku mmoja walikuja wazazi wawili. Vifaa vya kuzalishia vilivyokuwa tayari vilikuwa vya mtu mmoja. Mama wa kwanza alijifungua saa nane usiku. Wa pili alikuwa karibu sana. Nikaosha mkasi na koleo, nikavichemsha juu ya jiko la mkaa, nikasimama nikitazama saa yangu. Dakika 20 ni nyingi sana unapomsikia mama analia chumba cha pili. Kabla hazijatimia, muuguzi akaniita, "Lete, mtoto anatoka." Nikapeleka.

Mtoto yule alikua salama. Mama yake alikuwa amechanjwa chanjo ya pepopunda kliniki, na chanjo hiyo humkinga mtoto pia. Hiyo ndiyo kinga tuliyoitegemea usiku ule. Sufuria ya kufanya kazi hiyo ilikuwa stoo, hatua 10 kutoka mahali niliposimama. Hakuna mtu aliyekuwa ameiharibu. Hakuna aliyeiba kitu. Ila hakuna aliyeuliza mapema itapata wapi moto.

SAFARI YA MKASI

Ukitaka kujua sufuria ikae wapi, usianze na sufuria. Anza na mkasi. Chukua kijiti, chora chini safari yake.

Mkasi unatoka chumba cha kuzalia ukiwa na damu. Unakwenda kuoshwa. Unakaushwa. Unafungwa katika kitambaa. Unaingia katika sufuria. Unatoka, unakauka, unawekwa kabatini. Kutoka kabatini unarudi chumba cha kuzalia. Safari hiyo ni ya mviringo. Sharti lake ni moja: mkasi safi na mkasi mchafu wasikutane njiani.

Katika kijiji ninachofanya kazi sasa, fundi alileta ramani mkutanoni. Alikuwa amechora chumba kimoja kidogo cha vifaa, chenye mlango mmoja, karibu na chumba cha kuzalia. Tuliona inafaa. Hata mimi niliona inafaa. Mzee mmoja akasema, "Sufuria ni sufuria tu, wanangu, hata pembeni itakaa." Lakini bibi mmoja, aliyewahi kuwa mkunga wa jadi, akanyoosha mkono.

"Mwanangu fundi, mkasi wenye damu utaingilia mlango gani?"

Fundi akaonyesha.

"Na uliopikwa utatokea mlango gani?"

Fundi akaonyesha mlango ule ule.

"Basi watasalimiana mlangoni," bibi akasema.

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini akatoa penseli. Hakuongeza chumba. Aliongeza kidirisha ukutani, upande wa pili, cha kupitishia vifaa vilivyokwisha pikwa. Kidirisha hicho kina kijilango cha mbao. Tulitumia matofali pungufu, si zaidi. Kama ukuta ungekuwa umekwisha simama, tungelazimika kuubomoa.

Chumba chenu kikiwa kidogo, panga vitu katika mstari mmoja. Kwanza mahali pa kupokelea vichafu. Kisha mabeseni mawili au sinki mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia. Kisha meza ya kukaushia na kufungia. Kisha sufuria. Mwisho kabati lenye milango, lisiloegemea ukuta wenye unyevu. Mtu anayefanya kazi asirudi nyuma. Anayeosha avae glavu nene, na asugue mkasi ukiwa chini ya maji ili yasimrukie usoni. Damu iliyokauka juu ya mkasi huficha vijidudu, na mvuke haupiti vizuri. Kwa hiyo kupika kifaa kichafu ni kupoteza moto.

Meza ya sufuria iwe ya saruji, au ya mbao nene isiyotikisika. Sufuria yenye maji na vifaa ni nzito. Meza iwe ya kimo cha kiuno, ili mtu asiinue mikono juu ya mvuke. Tundu la kutolea mvuke lielekee ukutani, lisielekee mahali anaposimama mtu. Juu yake pasiwe na rafu ya dawa, kwa kuwa joto na unyevu huharibu dawa. Chumba kiwe na dirisha la juu lenye wavu. Pasiwe njia ya watoto wanaosubiri chanjo.

MAABARA NAYO

Zahanati nyingine zina maabara ndogo. Hapo hupimwa damu na makohozi. Wengi hufikiri kwamba vyombo vya maabara vitafuata njia ile ile ya mkasi. Sivyo. Mkasi huoshwa kwanza, ndipo hupikwa. Chombo chenye makohozi ya mgonjwa wa kifua kikuu hupikwa kwanza kikiwa na uchafu wake, ndipo hutupwa shimoni au huchomwa moto. Ukikiosha kwanza, unaweza kujirushia ugonjwa wewe mwenyewe.

Kwa hiyo inafaa maabara iwe na sufuria yake, hata ikiwa ndogo, na mahali pake pa kuiweka. Kama sufuria ni moja tu, taka za maabara zisipikwe pamoja na vifaa vya wazazi hata siku moja. Zipikwe mwisho wa siku, katika chombo chake, halafu sufuria isafishwe. Jambo hili liandikwe ukutani. Mtu akiwa na haraka husahau.

MAJI

Sufuria ya mvuke hunywa maji kidogo. Kinachokula maji mengi ni kuosha. Kama bomba liko mbali, jueni mapema nani atachota, kwa ndoo ngapi.

Tena, maji si mamoja. Katika sehemu nyingi za Dodoma na Singida maji ya visima yana chumvi. Mama anayechemsha chai anajua: birika huota utandu mweupe ndani. Utandu huo huota katika sufuria ya mvuke pia. Hufunika chuma kinachochemsha maji, na huziba vali. Maji ya mvua hayana chumvi hiyo. Hesabu ni rahisi. Paa la mita 8 kwa mita 6 lina eneo la mita mraba 48. Mvua ya milimita 10 ikinyesha juu yake, hushuka lita 480. Hata mkipata lita 400 tu, hizo ni ndoo 20 za lita 20. Kwa hiyo mkipanga bati, pangeni na mfereji wa bati na tangi. Maji ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi yaacheni yapite, maana huosha vumbi na mavi ya ndege.

MOTO

Hapa ndipo vijiji vingi hukwama, kwa hiyo tusipite upesi.

Kuna sufuria za umeme, na kuna za kuweka juu ya jiko la gesi au la mafuta ya taa. Kwa nje hufanana. Kabla ya kuagiza, ulizeni ni ya moto gani. Nyingi za umeme zenye ukubwa wa lita 20 hivi hula wati 1,500 hadi 2,000. Taa ndogo ya kisasa hula wati 10. Maana yake sufuria moja inaweza kuwa sawa na taa 200 zinazowaka pamoja. Mitambo ya umeme wa jua iliyofungwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu haiwezi mzigo huo. Msijaribu.

Kama kijiji kina umeme wa gridi, mwambieni fundi umeme aivutie sufuria waya wake, wenye swichi yake na waya wa ardhini. Isichomekwe katika soketi moja na friji ya chanjo. Sufuria ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima hula yuniti 2. Nani atanunua LUKU? Kamati iamue kabla sufuria haijafika, na fungu hilo liandikwe.

Kama ni ya gesi, mtungi ukae nje ya ukuta, penye hewa, na mpira upite katika tundu. Sufuria ikipikwa jikoni nje, vifaa safi vitavuka uwanja wenye vumbi. Basi lazima kuwe na ndoo ya chuma yenye kifuniko cha kuvibebea.

KIJIJI KIKIWA MLIMANI

Jambo hili huwashangaza wengi. Maji ya Tanga huchemka kwa digrii 100. Maji ya Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, huchemka kwa digrii 93 hivi. Ndiyo sababu maharage huchelewa kuiva mlimani. Hewa ya mlimani ni nyepesi, haiyabani maji.

Sufuria ya mvuke nayo hupatwa na jambo hilo. Pwani, mshale wa kisaa ukisoma pauni 15, joto ndani ni digrii 121. Mlimani, mshale ukisoma 15, joto ni pungufu. Kila mkipanda mita 300, ongezeni karibu nusu pauni. Dodoma, karibu mita 1,100, mshale usome karibu 17. Njombe usome 18 na zaidi kidogo. Visaa vingine havionyeshi pauni, huonyesha alama kPa: pauni 15 ni kama 103. Sufuria nyingine hufunguka vali yake kwenye 15 tu. Ya namna hiyo haifai Njombe. Kwa hiyo anayeagiza amweleze muuzaji kijiji kiko juu kiasi gani. Ikiwa sufuria ina kipimajoto, fuateni kipimajoto: kisome 121.

NANI ATAIPIKA?

Wafundishwe watu wawili, si mmoja. Mmoja akienda likizo au akiugua, kazi isisimame. Wapewe daftari, saa ya ukutani na glavu za moto.

Wajifunze kwamba hewa lazima itoke kwanza. Maji yakichemka, waache mvuke utoke kwa nguvu dakika chache, ndipo wafunge tundu. Hewa ikibaki ndani, mshale utapanda vizuri, lakini joto litakuwa pungufu. Mshale utawadanganya. Ukifika alama yake, ndipo waanze kuhesabu: dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa, dakika 30 kwa vilivyofungwa katika kitambaa. Wasihesabu tangu walipowasha moto. Kifuniko kisifunguliwe mpaka mshale urudi sifuri. Wengine huweka jiwe au waya juu ya vali inayopiga kelele. Vali ikipiga kelele inafanya kazi yake. Ukiinyamazisha, sufuria inaweza kupasuka kama bomu.

Vifaa visibanwe kama dagaa. Mvuke unataka nafasi ya kupita. Mikasi iwe wazi, bakuli zilale kwa ubavu. Kifurushi kikitoka kimelowa, kihesabuni kuwa hakijapikwa, maana vijidudu hupita katika kitambaa chenye maji.

Kupasha moto, kupika, kupoa na kukauka huchukua saa moja na nusu au zaidi. Mama mwenye uchungu hasubiri saa moja na nusu. Kwa hiyo sufuria moja haitoshi bila vifaa vya kutosha. Ombeni angalau seti tatu za kuzalishia: moja inatumika, moja inaoshwa au inapikwa, moja iko kabatini. Zahanati yenye wazazi wengi inahitaji zaidi. Pamoja na sufuria agizeni mpira wa kifuniko wa akiba, kwa sababu huo ndio huchakaa kwanza, na bila huo sufuria yote husimama. Agizeni na utepe wa alama. Utepe huu hubandikwa juu ya kifurushi, na mistari yake hugeuka rangi ikipata joto. Unaonyesha kwamba kifurushi kiliingia motoni. Hauthibitishi kwamba mvuke ulifika mpaka katikati ya kifurushi.

KAZI YA DARASA

Mwalimu wa kisomo, lipeleke darasa zahanati, au mahali inapojengwa. Chukueni kamba na kijiti. Pimeni chumba cha vifaa kwa hatua, mkichore chini. Mmoja ashike jani kama mkasi, atembee safari yake yote kutoka kitanda cha mzazi mpaka kabatini na kurudi. Wengine wahesabu amekutana na vitu vichafu mara ngapi. Kisha ulizaneni: Maji yatatoka wapi mwezi wa kumi kabla mvua hazijaanza? Moto ni wa namna gani, na fedha yake iko katika fungu gani? Kijiji chetu kiko mita ngapi juu ya bahari? Zahanati ina mikasi mingapi ya kukatia kitovu? Majibu yaandikeni, myapeleke kwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya mkutano ujao. Kama sufuria tayari iko stoo, fungueni sanduku muone ni ya moto gani.